Kompyuta Niliyoipima kwa Mkono

Nyamisi, mama yangu,

Watu wenye adabu wakiandika barua huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, sijui wewe huko. Mimi huku si mzima, na wewe huko si mbali. Uko kanisani na mama yako mnaagana na wanakwaya, na upepo ukikaa vizuri nasikia ngoma zenu mpaka hapa barazani. Naandika kwenye daftari langu la mizani kwa sababu ndiyo karatasi pekee iliyokuwapo nyumbani, kwa hiyo ukiona juu ya ukurasa pameandikwa "Sangara" usishangae. Nataka nimalize kabla hamjarudi. Mkisharudi nitaanza kugomba kuhusu chakula na sitasema hata moja ya haya.

Nitakupa mkononi leo hii, na uisome leo. Usiipeleke chuoni Mbeya bila kuisoma.

Habari za maji, dawa, sweta na siku za kliniki mama yako amekuandikia zote, tena amekubandikia ndani ya kifuniko cha sanduku kama tangazo la uchaguzi. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka tuongee habari ya kompyuta.

Jumamosi ile dukani nilikuaibisha. Naanzia hapo kwa sababu ndipo panaponichoma, na kwa sababu wewe hukunilaumu. Ungenijibu vibaya, ningelala.

Yule dada wa dukani alitutolea mbili akaziweka kwenye kaunta. Moja nyembamba, ukiifunga unaweza kuidhania kitabu cha nyimbo. Nyingine nene, nyeusi, na chaja yake peke yake ni tofali. Bei zilikuwa karibu sawa, kwa hiyo hakuna atakayesema baba alibana mkono. Akatueleza kwa heshima kabisa: hii nyembamba ni ya kuandika na kusoma, unatembea nayo kutwa huchoki, chaji inakaa. Hii nene ndiyo ya wanaochora majengo, ina nguvu, haikwamikwami, ila ni nzito na chaji inaisha upesi. Wewe ukamwambia unaenda kusomea uhandisi wa ujenzi. Akasema, "Basi mdogo wangu, ya kwako hii nene." Nawe ukatabasamu kwa meno yote. Ni siku nyingi sijaona meno yako yote.

Mimi nikauliza, "Ina kilo ngapi?"

Mkacheka wote wawili. Na ilikuwa ya kuchekesha, nakubali. Baba wa watu anaingia duka la kompyuta anauliza kilo, kama yuko sokoni Kirumba. Lakini nimesimama kwenye mizani miaka thelathini, mwanangu. Samaki, barafu, mabondo ya sangara, mkaa, hata watoto wa jirani waliogoma kwenda kliniki, wote nimewapima. Sijui ndani ya kompyuta kuna nini. Ninachojua ni uzito. Basi nikanyanyua moja mkono huu na nyingine mkono ule, nikawaambia: hii kilo moja na robo, hii mbili na nusu, na ukiweka tofali lake inafika tatu na ushei. Yule dada akasoma kwenye boksi, akashika mdomo. "Mzee, umejuaje?" Nikavimba kichwa. Mtu mzima mzima, nikavimba kichwa kwa sababu nimekisia uzito wa laptopu.

Kisha nikasema tunachukua nyepesi.

"Baba," ukasema taratibu, "hii haitafungua programu ya kuchorea."

"Itafungua polepole."

"Haitafungua kabisa, baba."

Yule dada akataka kukusaidia, naye akaanza kueleza. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilisema, tena wateja wanasikia: "Huyu ni mgonjwa wa siko seli. Nyonga yake ya kushoto mbovu, daktari amekataza asibebe vizito. Akianguka njiani na hilo dude, hiyo programu ndiyo itakayomzika?"

Mama mmoja aliyekuwa ananunua waya wa simu aligeuka kukuangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, na wewe ukaangalia kandambili zako. Najua umemaliza kidato cha sita na hata binti aliyelala kitanda cha juu yako hakuwahi kujua unaumwa nini. Kule kote ulikoficha, mimi nilikwenda kutangaza kwa watu tusiowajua. Yule dada akabadilisha sauti, akaanza kukusemesha kwa ile sauti ya wodini, akatuongezea begi la bure. Tukachukua nyepesi. Tulipofika nje ukaniambia, "Asante, baba."

Nimetukanwa na wavuvi wa kila aina, wa Kerewe, wa Kijaluo, wa kwetu Majita. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama ile asante.

Sasa nikueleze kwa nini, na nikishaeleza usinitetee. Una tabia ya kunitetea kwa mama yako.

Tulikwambia kaka yako Magesa alikufa kwa malaria. Si kweli. Padri tulimwambia malaria, ukoo tuliuambia malaria, mpaka nikafika mahali nikawa naisema bila kuona aibu. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, hukumbuki kitu, nasi tukaona ni heri. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Sisi kifo kilituumbua na bado tukaendelea kuficha.

Magesa alikuwa na miaka kumi na minne. Mwembamba, macho ya njano kidogo, anapenda utani kuliko kula. Wiki mbili mzima, wiki ya tatu analalamika: mara mikono, mara kifua, mara miguu. Bibi yako, huyo uliyerithi jina lake, alimchanja magotini akampaka dawa za miti. Mimi nilikuwa na dawa yangu: nilimwita goigoi. Nilimwita hivyo mbele ya wavuvi, nao wakalidaka. "We Goigoi, leo umeamka?" Naye anacheka, anawajibu, anabeba.

Asubuhi ile kule mwaloni Igombe mitumbwi ilirudi imejaa, na wabebaji walikuwa wachache kwa sababu ya msiba. Nikamwambia asiende shule, abebe kreti za samaki kutoka majini mpaka kwenye mizani. Akasema, "Baba, miguu inaniuma." Nikamwambia, "Miguu ya nani haiumi? Ya kwangu haiumi?" Akabeba. Nilimwona anavyotembea, Nyamisi, sitakudanganya. Kila kreti aliyoleta niliipokea mimi kwa mikono hii, nikaitundika, nikasoma kilo, nikaandika. Alikuwa anatua mzigo, anakaza meno, anarudi kuchukua mwingine. Nilimwona na nikaendelea kuandika.

Kreti zilipoisha alikaa kwenye mchanga akalia. Mtoto wa kiume wa umri ule, mbele za watu. Na hapo nikafanya jambo ambalo mtu wa Dodoma asingelifanya, maana hana ziwa. Sisi wa ziwani tumekuzwa hivi: mguu ukiwaka, kasimame majini mpaka kiunoni, ziwa litayavuta maumivu. Baba yangu alinifanyia hivyo, na yeye alifanyiwa na baba yake. Nikamwambia, "Nenda kasimame majini, na usitoke mpaka yaache kuuma." Akaenda. Maji ya asubuhi wewe huyajui kwa sababu sikukuruhusu kuyajua, lakini yana baridi ya kuingia ndani ya mfupa, na siku ile kulikuwa na upepo. Akasimama. Mtiifu yule mtoto. Kila nilipoinua macho kutoka kwenye mizani nilimwona amekunja mikono kifuani, anatetemeka, hatoki. Mara moja alinipungia mkono. Nikampungia.

Alitoka kwa kubebwa. Kesho yake jioni alifariki. Walikuwa wamempima damu akiwa ameshazidiwa, wakaikuta siko seli, na nesi mmoja mtu mzima akatuita pembeni, akatuuliza kama mtoto alikaa kwenye baridi au kama alifanya kazi nzito. Mama yako akanitazama. Mimi nikasema hapana.

Huyo nesi ndiye aliyetuambia tukulete wewe upimwe, ndivyo ugonjwa wako ulivyogundulika. Akatueleza kwamba ugonjwa huu mtoto haupati kwa mzazi mmoja, ni nusu kwa baba na nusu kwa mama. Nikamjibu kwamba damu ya kwetu ni safi, waangalie huko kwao mama. Miaka sita, Nyamisi. Miaka sita nilimwacha mama yako abebe lawama ile peke yake, kwenye misiba, kwenye vikao vya ukoo, shangazi zako wanamsema anasikia. Nilipokwenda kupima kwa siri nikaambiwa ile nusu ninayo, nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Sijawahi kumwomba msamaha kwa mdomo. Nilimnunulia kitenge. Kipo kabatini mpaka leo, hajakishona.

Basi wewe nikaapa hutabeba kitu. Ndoo hukubeba, kuni hukubeba, na begi lako la shule ya msingi nililibeba mimi mpaka getini, wenzako wanakuita Yai. Umezaliwa kando ya ziwa na hujui kuogelea. Ulipokuwa na miaka tisa ulivua viatu ufukweni ukaingiza vidole tu kwenye maji, nikakunyanyua nikakuchapa kofi. Ulilia mpaka nyumbani Kiseke hujui umekosa nini. Hukukosa kitu. Nilikuwa namchapa mtu mwingine ambaye mkono wangu haukumfikia.

Na ugonjwa ulikuja vilevile. Hilo ndilo linalonimaliza. Hukubeba ndoo, ukalazwa. Hukugusa ziwa, ukalazwa. Kidato cha nne ulifanya mtihani umeegemea upande mmoja kwa sababu nyonga ilikuwa imeshaanza kuoza ukiwa umekaa kwenye kiti, umevaa soksi mbili, hujabeba hata kilo moja. Nilikuwa nakupunguzia mzigo na ugonjwa unakula tu, hauniulizi. Nami badala ya kujifunza, nikazidisha. Mtu akishashika dawa moja haachi, hata akiona haifanyi kazi, kwa sababu akiiacha atabaki mikono mitupu.

Unakumbuka tulipokwenda msibani Sengerema, ukiwa kidato cha pili? Tulikuwa kwenye kivuko kuelekea Busisi na nguzo za daraja ndiyo kwanza zinatoka majini. Watu wengine walikuwa wanapiga picha. Wewe ukaniuliza, "Baba, nani anajua kwamba nguzo hii itabeba?" Nikasema injinia. "Sasa anajuaje na bado haijabebeshwa?" Nikasema anapiga hesabu, mimi siijui. Ukaendelea kuzitazama mpaka ng'ambo. Tuliporudi ukaanza kuchora nguzo nyuma ya madaftari yangu ya samaki, na mishale ya kuonyesha mzigo unashukia wapi. Nilikugombeza kwa kuharibu madaftari, lakini nilikuwa nayachukua mwaloni kuwaonyesha watu. Nilisema, jamani, mwanangu amerithi mizani. Nilifurahi siku zile kuliko siku yoyote tangu Magesa.

Kisha siku ya kukununulia kitu cha kazi hiyo ikafika, nikakununulia kitabu cha nyimbo.

Leo mchana mlipoondoka nilikuwa nafagia ukumbi. Begi lako la mgongoni lilikuwa njiani, nikalishika ili fagio lipite. Sikuwa nachunguza, naapa. Mkono ukaniambia kabla kichwa hakijafika: hapa pana kilo tatu na ushei, na mimi niliweka moja na robo. Nikafungua zipu. Nyeusi, nene, umeifunga kwenye kanga ya mama yako. Na tofali lake pembeni.

Damu ikanipanda. Loo, ungekuwapo ungekimbia. Nikasema huyu mtoto amenifanya mjinga, tena wiki nzima anakula na mimi meza moja anatabasamu. Sikungoja. Nikaitia kwenye mfuko wa salfeti, nikaita bodaboda, nikaenda mjini.

Yule dada aliponiona mlangoni tu akasema, "Shikamoo mzee, ile nyepesi imeshauzwa." Sijafungua mdomo.

"Marahaba," nikasema. "Na ile hapo nyuma yako kwenye kioo?"

Akageuka kuiangalia kama vile si yeye aliyeiweka. "Ile... ile ina mwenyewe, mzee."

Nimeishi na waongo, mama. Watu wanaomjaza sangara mawe tumboni ili kilo zipande, kisha wanaapa kwa jina la mama zao. Yule dada hakuwa na kipaji hicho hata kidogo. Nikamuuliza, "Binti yangu amekuhonga nini?"

Akacheka, akashindwa kuendelea. "Hajanihonga, mzee. Alikuja Jumatatu, akanibembeleza nimbadilishie, akaniambia baba yangu akija mwambie umeuza. Nilimwambia aiwashe kwanza aone. Akachora daraja hapa hapa kwenye kaunta. Akalipitisha malori mpaka likavunjika, akacheka, akalijenga upya. Wateja wote waliacha kununua wakawa wanamtazama."

"Na hukumwambia kuhusu nyonga yake?"

"Nilimwambia. Nikamuuliza, mdogo wangu, na ugonjwa wako je? Akasema, 'Dada, nikiumwa nitaumwa hata na hiyo nyepesi. Tofauti ni kwamba nikiwa nimepona na hiyo nyepesi, sina cha kufanya.'"

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki cha wateja nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia mpaka yule dada akafunga mlango nusu, akaniletea maji ya chupa. Baadaye akaniambia, "Mzee, mimi ukitaka nakubadilishia. Wewe ndiye baba, na yeye hayupo." Akaitoa ile nyepesi kwenye kioo, akaiweka mbele yangu. Kwa hiyo usidhani sikupata nafasi. Niliipata. Ilikuwa mbele yangu, karibu ya kugusa.

Nikasema hapana. Nisije nikajisifu, sikusema kwa ushujaa, wala kwa imani, wala sikuona mwanga wowote. Nilisema hapana kwa sababu nilitafuta hoja ya kukujibu nikakosa. Nimerudi nayo nimeibeba mgongoni, chaja na yote, kwa mguu mpaka nje ya mji, nipime mwenyewe. Ni nzito, Nyamisi. Ukifika ngazi za ghorofa ya tatu huko chuoni utaniambia. Nimeirudisha begini nikaifunga kanga vilevile ulivyoifunga, ingawa mafundo yangu utayajua.

Sina faraja ya kukupa, na ningekuwa nayo ningekupa bure. Nawaza Mbeya na baridi ile wanayoisimulia. Nawaza umeamka na mfupa unawaka, chumba cha watu wanne wageni, na mimi niko Igombe natundika samaki. Nikisali naona ninaongea na dari. Mama yako anasema Mungu atakulinda, nami namwitikia amina, lakini Magesa naye alikuwa na Mungu huyohuyo, na alikuwa na baba aliyesimama hatua ishirini kutoka kwake. Sijui kama utamaliza mwaka. Sijui kama nyonga itakufikisha darasani. Nakwambia hivi kwa sababu wote wanaokuaga leo wanakwambia utarudi injinia, na nilitaka walau mtu mmoja asikudanganye.

Ila nimekaa hapa nikagundua kitu, na si hekima, ni aibu tu. Watoto wawili Mungu alinipa. Mmoja nilimbebesha, mwingine nikamnyang'anya mzigo. Nilidhani la pili ni toba ya la kwanza. Kumbe ni kosa lilelile. Magesa aliniambia inauma, sikumsikiliza. Wewe uliniambia utaweza, sikukusikiliza. Mara zote mbili niliamini mkono wangu, na mwenye mwili alikuwa amesimama mbele yangu anasema.

Kwa hiyo habari ya nani ajue ugonjwa wako, huko ni juu yako. Mimi nilishaiharibu mara moja mbele ya watu wasiohusika. Ila mchague mmoja, nakuomba, yeyote utakayemwona ana roho, umwambie kabla hujazidiwa. Na siku ikiuma, sema kwa sauti. Ukiambiwa na mtu yeyote kwamba miguu ya kila mtu inauma, hata akiwa profesa, hata akiwa mimi kwenye simu, mwache palepale aliposimama uende hospitali.

Kuhusu kitenge cha mama yako, leo usiku nitajaribu kumwomba msamaha kwa mdomo. Nimesema nitajaribu. Unanijua.

Ngoma zimenyamaza, mko njiani. Nimalizie.

Kesho alfajiri tutashuka pale stendi ya Nyegezi, kutakuwa na zogo la wapiga debe, na mimi nitanyoosha mkono kuchukua begi lako. Najijua. Nitasema nikushikie tu mpaka mlangoni mwa basi. Nitasema wewe tafuta kiti kwanza. Ukikataa nitakasirika mbele za watu, nitakukumbusha mimi ni nani, huenda nikalia tena, na mama yako atakwambia mpe baba yako, mwana, usimvunjie heshima.

Usinipe. Hata nikilivuta, ng'ang'ania. Nilisema hapana mara moja leo na sina nguvu ya kuisema mara ya pili. Nikilishika lile begi, Nyamisi, nitaondoka nalo.

Baba yako,
Mafuru